Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya sekondari: chumba cha kompyuta kifunguliwe na kwa somo la Historia

Kwa Waheshimiwa viongozi mnaosimamia elimu ya sekondari, wakuza mitaala, wathibiti ubora wa shule, na ninyi mliokabidhiwa kutunza nyaraka za taifa,

YAH: MATUMIZI YA VYANZO VYA MTANDAONI NA VIFAA VYA KIDIJITALI KATIKA KUFUNDISHA HISTORIA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya kata, pwani ya kusini ya Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa 14 darasani. Sikukusudia maneno haya yasomwe na watu wengine zaidi yenu. Barua ya kwanza niliipitisha kwa mkuu wa shule kama utaratibu wa utumishi unavyoelekeza. Ya pili niliipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Mara ya tatu nililisema jambo hili katika kikao cha walimu wa Historia, likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao pamoja na maneno "litafanyiwa kazi". Tangu siku hiyo misimu miwili ya korosho imepita na sijapata jibu, hata la kukataliwa. Ndiyo maana leo nawaandikia hadharani, kwa heshima ile ile, ila sasa mbele ya wazazi na walimu wenzangu.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye somo moja. Darasa langu lilikuwa limefika kwenye Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Baadhi ya wanafunzi wangu kwao ni Umatumbini, kwenye vilima ambako Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita ikaanza. Nilitaka waone kitu ambacho kitabu cha kiada hakiwezi kuwapa: kurasa za gazeti la walowezi wa Kijerumani, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililokuwa likichapwa Dar es Salaam wakati habari za vita hiyo zikiingia mjini. Kurasa hizo zimepigwa picha na maktaba kuu ya Berlin, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma bila kulipa chochote. Niliomba chumba cha kompyuta kwa vipindi viwili vinavyofuatana. Nikaambiwa kwamba kompyuta zile ni za wanafunzi wa somo la kompyuta na za kusajili watahiniwa, na kwamba Historia ni somo la maelezo, chaki inatosha.

Nilirudi darasani na kishikwambi changu, kimoja kati ya vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Nilikipitisha dawati hadi dawati kwa wanafunzi 67, kwa bando nililolinunua mwenyewe. Kengele ililia kabla hakijafika safu ya tatu. Msichana mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa amekitazama kwa muda mrefu kuliko wenzake, aliniuliza: "Mwalimu, gazeti limechapwa Dar es Salaam, kwa nini liko Ujerumani?" Nilimjibu kadiri nilivyojua. Swali lililonibakia mimi ni jingine, na ndilo ninalolileta kwenu. Gazeti hilo limeshavuka bahari na kurudi, limefika mpaka mlangoni mwa chumba chetu cha kompyuta, na mlango huo umefungwa kwa kufuli ambalo funguo zake ziko mikononi mwenu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kompyuta za shule zimefanywa mali ya somo moja.

Shule yetu ina kompyuta 12 zilizonunuliwa kwa fedha za umma. Nimeipitia ratiba: chumba kinatumika vipindi 8 kwa wiki, na vipindi 32 vilivyobaki kimefungwa. Nimeomba mara mbili nioneshwe waraka unaosema kwamba vifaa hivyo ni vya somo la kompyuta peke yake, na sijaoneshwa. Wakati huo huo kila semina tunayohudhuria inatuhimiza tutumie TEHAMA katika masomo yote, na kila andalio la somo lina nafasi ya kujaza zana za kufundishia na kujifunzia. Kwenye nafasi hiyo mimi huandika "ramani ya ukutani". Ramani yetu ilichorwa kabla ya 2012, kwa hiyo haina mkoa wa Geita, wala Katavi, wala Njombe, wala Simiyu.

2. Vyanzo vipo, lakini hakuna anayemwonesha mwalimu njia.

Hapa naomba uvumilivu wenu nieleze kwa urefu, kwa sababu naamini baadhi yenu mkiambiwa "mtandao" mnafikiria video za muziki na picha za utani. Hakuna mwongozo wowote uliowahi kunifikia unaomwambia mwalimu wa Historia nini kiko wapi. Niliyoyajua nimeyajua usiku, kwa kuulizana na wenzangu wa shule nyingine, na nayataja ili muone ukubwa wa kitu tunachonyimwa.

Kilwa Kisiwani iko kwenye pwani yetu hii hii. Wanafunzi wengi wameiona kwa mbali. Waliokanyaga ndani ya magofu ni wachache, kwa sababu safari ya darasa zima, basi na mashua, inamshinda mzazi wa mkulima. Lakini wataalamu wa mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walikwisha kuyapima magofu hayo kwa miale ya leza, na mwaka 2020 Kilwa ilikuwa moja ya maeneo matano ya dunia yaliyowekwa mtandaoni kwa picha za pande zote ili kuonesha namna mabadiliko ya tabianchi yanavyotishia urithi wa kale. Mtoto anaweza kuzunguka chini ya kuba za Msikiti Mkuu akiwa amekaa kwenye kiti chake. Kisha mwalimu anampa masimulizi ya Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji kwa uzuri wake, lakini akasema kwamba ulijengwa kwa mbao. Kuta anazoziona mwanafunzi ni za mawe ya matumbawe. Nani tumwamini, msafiri au ukuta? Je, msafiri alikuwa anaeleza nyumba za watu wa kawaida, ambazo hazikubaki? Hapo ndipo Historia inapoanza kuwa somo la kufikiri, na sijaona njia ya kufika hapo kwa kunakili maelezo ubaoni.

Upo pia mfano wa shajara ya David Livingstone ya mwaka 1871, ambao kwa maoni yangu kila mwalimu anayefundisha biashara ya utumwa angepaswa kuujua. Livingstone alikuwa Nyangwe, katika nchi ya Manyema (leo ni sehemu ya Kongo), ameishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino uliotengenezwa kutokana na mbegu za mmea wa huko, akiandika kukatisha maandishi yaliyochapwa. Wino ule ulififia kiasi kwamba maandishi yake hayakusomeka kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2011 kundi la wataalamu liliyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, herufi zikajitokeza, na kurasa zote zikawekwa mtandaoni bure. Ndani yake kuna habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, alivyoyaandika mwenyewe akiwa pale pale. Ukiziweka kurasa hizo kando ya maneno yaliyochapishwa London mwaka 1874, baada ya kifo chake, unaona mahali ambapo sentensi zimebadilika na mambo mengine yameachwa. Nililifanya zoezi hilo mara moja kwa kurasa chache nilizozichapa kwenye duka la steshenari kwa fedha zangu. Wanafunzi walibishana mpaka walinzi wa zamu wakaja kuangalia kuna nini. Walikuwa wanabishana juu ya neno moja lililofutwa.

Mengine nayapitia haraka. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kimeweka mtandaoni mkusanyiko wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia 1860 hadi 1960. Chuo Kikuu cha Southern California kina hifadhi ya picha za wamisionari, zikiwemo za Kilimanjaro. Majuzuu 8 ya historia ya Afrika yaliyosimamiwa na UNESCO, ambayo wahariri wake walikuwa Waafrika kama Joseph Ki-Zerbo, Bethwell Ogot na Ali Mazrui, yanapakuliwa bila malipo. Katika maktaba ya shule yetu hakuna hata juzuu moja.

Na ramani. Wajerumani walichora ramani ya koloni lao kwa kipimo cha 1:300,000, na karatasi zake leo zinafunguka kwenye simu. Nilipoiweka karatasi ya upande wa Liwale juu ya picha za setilaiti, mwanafunzi mmoja alisoma majina ya vijiji mahali ambapo leo ni pori tupu, akauliza watu walikwenda wapi. Jibu limo ndani ya historia ya wilaya jirani: vita, njaa iliyofuata vita, na miaka ya 1940, wakati serikali ya Waingereza ilipowahamisha maelfu ya watu wa Liwale kwa sababu ya malale na ardhi yao ikaunganishwa na pori la akiba la Selous. Swali hilo lilitoka kwa mtoto aliyepata alama 23 katika mtihani wa muhula. Mtihani ulikuwa haujawahi kumwuliza kitu ambacho yeye alikuwa na hamu ya kukijua.

3. Somo ni la Kiswahili, vyanzo si vya Kiswahili.

Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili, na mimi naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wangu wote. Lakini chanzo cha mtandaoni kuhusu nchi yetu mara nyingi kitakuwa cha Kijerumani, Kiingereza, Kiarabu au Kireno, na magazeti ya Kijerumani yamechapwa kwa herufi za zamani ambazo hata Mjerumani wa leo huzisoma kwa taabu. Tunategemea mashine za kutafsiri, na mashine hizo hazijui tunachokitafuta.

Mfano ni neno Aufstand. Ndilo neno la Wajerumani kwa vita ile, na mashine hulitafsiri "uasi". Darasani tunasema "Vita vya Majimaji". Nililiandika neno hilo ubaoni, nikawaachia. Kijana mmoja wa Kibata, ambaye kwa kawaida hazungumzi, alisema: "Mwasi ni yule aliyekubali kwanza. Babu zetu walikubali lini?" Kipindi kizima kiliishia kwenye swali lile, na sikujuta. Ila kwa kila neno tunalolikamata namna hiyo, mangapi yanapita bila mimi kujua, kwa kuwa sijui Kijerumani na hakuna aliyepewa kazi ya kunisaidia? Vipo vyuo vikuu nchini vyenye wanafunzi wa tafsiri na wa historia. Ipo programu inayoitwa Transkribus, iliyoanzia Innsbruck, inayofundishwa kusoma miandiko ya mkono ya kale, ya Kijerumani ikiwemo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kusema kazi hii ianze.

4. Walimu hatujafundishwa kuhakiki, na wanafunzi wameshatutangulia kuingia mtandaoni.

Anayedhani kwamba kwa kufunga chumba cha kompyuta amemkinga mtoto na mtandao, ajue kuwa mtoto huyo anaukuta nyumbani kwenye simu ya kaka yake. Mwaka jana ilizunguka picha ya wanaume waliofungwa minyororo shingoni, chini yake pameandikwa kuwa ni mashujaa wa Songea waliouawa katika Vita vya Majimaji. Wanafunzi waliiamini, na mwalimu mwenzangu aliitumia darasani. Tulipoitafuta asili yake kwa kuipandisha kwenye mtambo wa kutafuta picha, tulikuta ni ya vita vya Waherero huko Namibia, vya 1904 hadi 1908. Maumivu yaliyomo kwenye picha ile ni ya kweli, na waliofungwa walikuwa watu wenye majina. Kuwaita kwa jina la watu wengine ni kuwakosea wao na kuwakosea mashujaa wa Songea kwa pamoja.

Sasa zimekuja na programu za akili mnemba. Niliiuliza moja habari za Kinjekitile Ngwale, kiongozi wa Majimaji. Ilinipa kwa usahihi kuwa alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kisha ikaniandikia hotuba nzima aliyodaiwa kuitoa Ngarambe, ndani ya alama za kunukuu, kwa Kiswahili kizuri cha siku hizi. Hotuba hiyo haipo katika chanzo chochote ninachokijua. Wanafunzi waliipenda kuliko kila kitu nilichowahi kuwasomea, na wawili waliinakili kwenye majibu yao. Mafunzo pekee ya kidijitali niliyowahi kupewa yalikuwa ya siku mbili na yalihusu kutengeneza slaidi.

5. Nyaraka na sauti zilizomo humu nchini hazijafika shuleni.

Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na hati za Kiarabu za Zanzibar zikafuata mwaka 2003. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mahali alipouawa Nduna Songea Mbano na wenzake Februari 1906, akaomba msamaha. Wanafunzi wangu walisikia redioni wakaniuliza anaomba msamaha wa nini hasa. Mtoto anayeuliza hivyo anastahili kuoneshwa karatasi, iliyoandikwa na mkono wa afisa aliyekuwa na zamu siku hiyo.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kwao wakati wa likizo kuwahoji wazee kuhusu Majimaji, na maelezo ya wazee hao yakakusanywa. Wazee wote wale wameshafariki. Kama wanafunzi wale wasingetumwa, leo tungekuwa na masimulizi ya upande wa Götzen, gavana wa Kijerumani, na maafisa wake peke yake. Sisi sasa tuna wazee walioshuhudia Operesheni Vijiji, walioenda vita vya Kagera, waliowaona wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO wakipita kwenda kambini Nachingwea. Simu ya kawaida inatosha kuwarekodi. Niliomba ruhusa wanafunzi wanne waende kumrekodi mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori ya mizigo ya Nachingwea. Ruhusa ilikaa muhula mzima kwa sababu kanuni za shule zinakataza mwanafunzi kushika simu. Ilipokuja, tulikwenda kwenye msiba wake.

Waheshimiwa, naifahamu kazi yenu na mipaka ya bajeti zenu, na majibu yanayoweza kutolewa nimeyasikia mengi kwenye vikao. Mtasema shule nyingi hazina intaneti ya uhakika. Ni kweli, na umeme wetu nao hukatika. Lakini ninayoyaomba hayahitaji mtandao wa kila siku. Ipo programu ya bure iitwayo Kiwix ambayo hupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, ikasomwa bila intaneti. Ramani, picha na kurasa za magazeti hupakuliwa mara moja mjini, zikawekwa kwenye diski moja, zikatembezwa shule hadi shule kama mitihani inavyotembezwa. Mtasema simu zitawaharibu watoto. Mimi pia ni mzazi, na siombi kila mtoto awe na simu mfukoni. Naomba kifaa cha shule, kinachoshikwa mbele ya mwalimu, kwa kazi iliyoandikwa kwenye andalio la somo. Mtasema hakuna fedha. Chumba kipo, kompyuta zipo, vishikwambi vipo, na vyanzo nilivyovitaja havilipiwi.

Jibu moja sitaki nilipite haraka, nalo ni kwamba mtihani hauulizi mambo hayo. Nalisikia kwa walimu wenzangu kuliko ninavyolisikia kwenu, na siwalaumu, kwa sababu tunapimwa kwa matokeo. Kama mtihani utaendelea kuuliza sababu sita za kushindwa kwa Vita vya Majimaji, mwalimu mwenye akili atafundisha sababu sita. Wekeni swali moja tu linalompa mtahiniwa kipande cha chanzo, mistari kumi ya ripoti au picha moja, na kumtaka aeleze nani aliandika, kwa nini, na nini kimefichwa, na mtaona namna madarasa yatakavyobadilika nchi nzima ndani ya mwaka mmoja bila semina yoyote.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo.

Kwanza, utolewe waraka wa maandishi unaosema kwamba vyumba vya kompyuta vya shule za umma ni vya masomo yote, na kila mkuu wa shule apange ratiba inayoonekana ukutani. Hili halihitaji bajeti na linaweza kufanyika kabla ya muhula ujao kufunguliwa.

Pili, iandaliwe maktaba ndogo ya vyanzo kwa Kiswahili kwa ajili ya Historia ya Tanzania na Maadili. Nyaraka 40 zinatosha kuanzia, kila moja ikiwa na picha ya ukurasa halisi, tafsiri iliyofanywa na mtu anayeijua lugha, na maelezo mafupi ya nani aliiandika na wapi asili yake inatunzwa. Ziwemo za Kijerumani na Kiarabu kutoka kwenye hifadhi zetu wenyewe, na yawemo maneno ya wale wazee wa 1968. Iwekwe kwenye maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinapatikana sasa, na pia kwenye diski kwa shule zisizo na mtandao.

Tatu, walimu wa Historia tupewe mafunzo ya kuhakiki: kutafuta asili ya picha, kusoma chanzo dhidi ya chanzo, na kuikagua kazi ya akili mnemba. Mafunzo hayo yatolewe na wanahistoria na wakutubi, yakifanyika katika vituo vya walimu vilivyopo.

Nne, shule ziruhusiwe kurekodi masimulizi ya wazee kwa utaratibu unaoeleweka, wenye ridhaa ya mzee na familia yake, nakala moja ikibaki shuleni na nyingine ikipewa familia. Kibali kitolewe na mkuu wa shule ndani ya siku saba. Naitaja idadi ya siku kwa sababu mnajua sasa kilichotupata.

Tano, nijibiwe. Kama kuna ombi hapo juu lisilowezekana, naomba niandikiwe sababu yake, ili nami niwaeleze wazazi walioniuliza.

Niko tayari kuja ofisini siku yoyote ya kazi, nikiwa na nakala za barua zangu zilizotangulia na muhuri wake. Lakini ningependelea zaidi ninyi mje shuleni. Kidato changu kitafika tena kwenye Vita vya Majimaji wiki ya tatu ya Agosti, Jumatano, kipindi cha tatu na cha nne. Kurasa za gazeti nimeshazipakua, ramani ya Liwale ipo, na viti viwili vya wageni nitaviweka nyuma ya darasa. Kinachosubiriwa ni ufunguo wa chumba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Shule ya sekondari ya kata,
Pwani ya kusini, Tanzania.